Linki Chini ya Kisamvu

Madam Tunu alipohamishiwa Kasulu kutoka Pangani, habari ya kwanza aliyompigia mama yake simu kumweleza haikuwa baridi ya asubuhi wala udongo mwekundu uliong'ang'ania viatu vyake. Ilikuwa nazi.

"Mama, huku hamna nazi."

"Hamna kabisa?"

"Nimeona moja sokoni. Imekaa juu ya meza peke yake kama mgonjwa."

"Sasa wanapikia nini hao watu?"

"Mawese."

Mama yake akasema atamwombea dua.

Tunu alikuwa mwalimu wa sayansi kimu katika shule moja ya sekondari huko Heru Juu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuonja. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa amekwisha kula kisamvu cha mawese na karanga kwa jirani, akaomba kuongezewa, akarudi nyumbani kuandika jinsi kilivyopikwa ili shangazi zake wa Pangani wacheke. Shangazi walicheka, wakawatumia wenzao. Wenzao wakauliza maswali. Mwishowe akaona afadhali afungue blogu, akaipa jina Jiko Lisilo na Nazi.

Aliyemtengenezea ni Nurudini, mwenye duka karibu na stendi ya Kasulu. Alipiga picha za pasipoti, alitoa kopi, alifufua simu zilizoanguka majini, na mambo ya mtandao alijifundisha mwenyewe akisubiri wateja. Babu yake alikuja huku kutoka Bagamoyo akiuza vitambaa, kwa hiyo yeye na Tunu walitaniana kama watu wa pwani ingawa Nurudini mwenyewe bahari aliiona mara mbili tu.

Siku ya kuifungua blogu, Nurudini alimgeuzia kioo cha kompyuta.

"Madam, swali la mwisho. Msomaji akiandika maoni, jina lake litakuwa linki ya kwenda kwenye ukurasa wake, kama anao. Sasa, mitambo ya kutafuta ikipita hapa kwako, iifuate hiyo linki au isiifuate?"

"Mitambo gani?"

"Google na wenzake. Wanapita kila siku wanasoma. Wakikuta linki kwako, wanachukulia kwamba wewe mwenye blogu umemtaja yule mtu kwa wema. Naye anapanda kidogo watu wanapotafuta. Lakini ukiweka alama fulani ndogo, msomaji haioni, inaiambia mitambo: huyu kaongea hapa, ila mimi simo. Basi hawamhesabii."

"Wengine wanafanyaje?"

"Karibu wote wanaweka alama. Blogu hizi huja nayo tayari. Mimi nashauri uiache."

Tunu alifikiri kwa muda wa kumeza mate. "Mtu amekuja jikoni kwangu, amekaa, amesema jambo la maana. Halafu akipita mgeni mwingine nimwambie huyu simjui? Toa alama."

"Toa?"

"Toa, Nurudini. Mimi si mchoyo."

Nurudini akainua mabega. "Sawa. Jiko lako."

Wasomaji wakaja. Wengi walikuwa watu wa Kasulu na Kibondo walioondoka siku nyingi, wengine wako Dar, wengine Mwanza, mmoja alikuwa baharia. Waligombana kuhusu maharage yalowekwe au yasilowekwe. Walimfundisha kutamka maneno ya Kiha, mwakeye ya salamu, ego ya ndiyo, oya ya hapana, kila mmoja kwa namna yake, kisha wakagombana wao kwa wao. Tunu alifurahi. Mwaka wa pili akaandika makala kuhusu asali ya miombo, na chini yake yakaja maoni ambayo hakuyasahau.

"Mwalimu, mwakeye. Umeandika asali nyeusi ni asali iliyozeeka. Oya, si kweli. Asali inafuata ua. Nyuki wakienda porini kwenye miombo inatoka nyeusi, wakienda kwenye alizeti za watu inatoka ya njano. Iliyozeeka huganda tu. Nakupenda lakini rekebisha."

Jina lilikuwa Recho wa Busunzu, na ukibonyeza jina hilo ulifika kwenye ukurasa ulioitwa Asali ya Busunzu.

Tunu alirekebisha, akashukuru. Tangu hapo hakuna makala iliyopita bila Recho. Alikuwa anajua uyoga upi unaliwa na upi unaua, alijua kwa nini ugali wa muhogo wa fulani unanuka, alijua namna ya kuhifadhi maharage yasiliwe na wadudu bila kunyunyiza dawa. Wasomaji wengine walianza kumwuliza yeye moja kwa moja. Tunu hakuona wivu hata kidogo. Ilikuwa kama kupata mwalimu msaidizi asiyehitaji nyumba ya serikali.

Kitu ambacho Tunu hakukijua ni kwamba huko Busunzu, wilayani Kibondo, simu ya Recho ilikuwa imeanza kuita. Mtu wa Dodoma akitafuta asali ya Kibondo mtandaoni, jibu la juu kabisa lilikuwa la Recho. Ndoo na chupa zikawa zinasafiri kwa mabasi kwenda mikoa ambayo Recho hajawahi kufika.

Mwaka huu, mnamo Februari, maoni yalianza kuongezeka ghafla. Kutoka sita au saba kwa makala yakafika arobaini, kisha tisini. Na yote yalikuwa ya sifa tupu. "Makala nzuri sana, endelea hivyo." "Dada unaandika vizuri, nimejifunza mengi." Chini ya makala ya kusugua sufuria kwa majivu, mtu aliandika, "Imeokoa ndoa yangu." Tunu aliona hatimaye kazi yake imetambuliwa. Wiki mbili nzima, kila akitoka darasani, alikaa akimjibu mmoja mmoja, maana nyumbani kwao hawakumlea kupokea salamu bila kuijibu.

Siku moja mkuu wa shule, Mwalimu Nathaniel, akamwita ofisini. Alikuwa mtu mpole aliyependa Kiswahili sanifu kupita kiasi.

"Madam, kwenye kikao cha wazazi pametokea malalamiko kuhusu viungo vyako."

"Pilipili manga, au siyo?" Tunu alisema haraka. "Niliandika kabisa, kwa watoto wapunguze."

"Hapana. Viungo vya mtandaoni." Mwalimu Nathaniel akamsogezea simu yake mezani. Ilikuwa makala ya kisamvu, ile ambayo wanafunzi wa kidato cha pili walipewa wakaisome kwa kazi ya nyumbani. Chini yake mtu anayejiita Dokta Kifimbo Mrudisha Waume alikuwa ameandika kwamba makala imemgusa sana. Na chini ya hayo yakafuata majibu ya Tunu mwenyewe: "Ahsante sana ndugu yangu Dokta Kifimbo, karibu tena jikoni!"

Mkuu akavua miwani. "Huyu ni ndugu yako?"

Tunu akachukua simu, akateremsha. Mkopo wa Dakika Tano. Ahsante, karibu tena. Bahatisha Ushinde. Ahsante, karibu tena. Dawa ya Nguvu Asilia. Ahsante ndugu yangu, wasalimie nyumbani. Masikio yalimwaka moto.

"Mzazi mmoja," mkuu akaendelea kwa sauti ileile ya upole, "binti yake alibonyeza. Alitafuta kisamvu akapelekwa kwa mganga. Sikulaumu, Madam. Lakini nimeambiwa nizungumze nawe, nami nimezungumza."

Jioni hiyohiyo Tunu alishuka kwenye bodaboda mbele ya duka la Nurudini kabla pikipiki haijasimama vizuri. Nurudini alikwisha kujua. Alifungua ukurasa mmoja wa kigeni, orodha ndefu ya blogu ambazo linki za maoni yake zinafuatwa na mitambo. Mtu fulani, nchi fulani, alikuwa ameziorodhesha na kuzisambaza. Jiko Lisilo na Nazi ilikuwa ya arobaini na moja.

"Wamejua mlango wako hauna komeo," alisema Nurudini. "Hawajaja kusoma. Wanapachika jina na kuondoka. Mitambo inaona Madam Tunu anamdhamini mganga, Madam Tunu anadhamini kamari. Na wewe mwenyewe umeanza kushuka. Tafuta kisamvu cha mawese uone."

Tunu akatafuta. Zamani alikuwa wa kwanza. Sasa alijikuta ukurasa wa tano, chini ya mtu anayeuza majiko ya gesi.

"Funga," alisema.

"Zipi?"

"Zote. Zote, Nurudini. Nimechoka kuitwa ndugu na waganga."

Nurudini hakumkumbusha lolote, na kwa hilo Tunu alimshukuru. Alibonyeza mahali pamoja, na alama ikawekwa kwenye kila linki ya kila maoni, ya zamani na mapya. Kisha wakakaa wakifuta takataka mpaka duka likafungwa. Baada ya mwezi na kitu hivi blogu ilianza kupanda tena. Dokta Kifimbo akahamia kwa wengine. Maoni yakarudi kuwa sita, saba. Tunu akapumua.

Mwishoni mwa Mei, Jumamosi saa nne asubuhi, Nurudini alimpigia simu.

"Madam, njoo dukani. Kuna mama hapa, anakuulizia. Anaitwa Recho."

"Recho wa Busunzu?" Tunu alipiga kelele ya furaha, akavaa baibui lake akakimbia. Njiani alikuwa akifikiria atampikia nini.

Mwanamke aliyekuwa amekaa kwenye benchi la kupigia picha alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mkavu, amevaa kitenge cha kwendea kanisani na koti la kiume. Alisimama, akampa Tunu mikono yote miwili, akainama kidogo.

"Mwakeye, Mwalimu."

"Mwakeye, mama! Karibu Kasulu! Kwa nini hukuniambia unakuja? Twende nyumbani."

"Nyumbani tutaenda ukipenda. Kwanza nina swali." Alikaa tena, polepole. "Mwanangu Raymond yuko Mwanza, ndiye alinitengenezea ule ukurasa. Mwezi uliopita nilimwambia simu haziiti tena. Akachungulia huko ndani, akaniambia, mama, yule mwalimu wako amekuwekea alama. Ukitafuta asali ya Kibondo, mimi sionekani. Nikasema hapana, Mwalimu ananijua. Akasema, mama, ameiambia mitambo hakujui."

Tunu alimtazama Nurudini. Nurudini akaanza kupanga kalamu zilizokuwa zimekwisha kupangwa.

"Mama, haikuwa wewe," Tunu alisema. "Walikuja waganga, watu wa kamari, wamenijaza blogu yote. Shuleni nimeitwa. Tukafunga kwa wote."

"Nimesikia. Huyu bwana amenieleza vizuri." Recho akafungua mkoba, akatoa daftari, lile la kawaida la wanafunzi, lenye jalada lililofungwa kwa gazeti. "Hebu tazama."

Tunu akafungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na tarehe, na chini yake: *Mwalimu, mwakeye. Umeandika asali nyeusi ni asali iliyozeeka.* Neno "nakupenda" lilikuwa limefutwa, likaandikwa tena. Akafunua. Uyoga. Muhogo. Maharage. Kila maoni aliyowahi kuandika yalikuwa humo, kwa mwandiko ulionyooka, yamekatwakatwa na kusahihishwa kabla hayajaingizwa kwenye simu. Mahali pamoja alikuwa ameandika pembeni: *uliza kwanza kwa mama Ndayikeza, usimdanganye Mwalimu.*

Tunu alikuwa amesahihisha maelfu ya madaftari maishani mwake. Hakuwahi kupewa moja lililoandikwa kwa ajili yake.

"Mimi sikuja kuomba kitu," alisema Recho. "Nimekuja kuuliza nilikosa nini. Maana jina langu na la mganga yamepewa alama moja."

Mteja aliingia kutoa kopi ya cheti. Nurudini akamhudumia, akarudi.

"Mama, niruhusu," alisema Nurudini. "Hujakosa. Lakini sheria lazima iwe moja. Akikufungulia wewe, kesho atakuja wa pili, atasema mbona mama wa asali. Wa tatu atakuwa mjanja, ataandika vizuri kama wewe wiki tatu, akishafunguliwa anageuza ukurasa wake kuwa wa kamari. Nani atakaa kuwachungulia? Mimi nina duka. Usalama ni kufunga."

"Ego, nakuelewa," Recho akaitikia. "Ni kweli unachosema."

Kuitikia huko ndiko kulikomuumiza Tunu zaidi. Angegomba, ingekuwa rahisi.

"Inawezekana kufungua mmojammoja?" Tunu akauliza.

"Inawezekana," Nurudini alisema bila hamu. "Kila linki unaitoa alama kwa mkono. Lakini lazima mtu asome kila maoni, na afungue kila ukurasa auangalie. Na arudi kuuangalia."

"Kusoma ndiyo kazi yangu. Nasoma madaftari ya watoto mia na hamsini wanaonieleza kwamba vitamini C inapatikana kwenye sabuni. Nitashindwa maoni saba?"

"Haya. Anza na huyu." Nurudini akamsogezea kompyuta. "Ukurasa wa mama umeuonaje?"

Tunu akashika kipanya. Miaka yote hiyo hakuwahi kubonyeza lile jina. Alikuwa amemdhamini Recho kwa ulimwengu mzima bila kuvuka kizingiti chake. Akabonyeza.

Ukurasa ukafunguka. Juu kabisa palikuwa na picha ya masanduku meupe yamepangwa kwenye uwanda wa maua ya zambarau, mzungu mmoja amevaa nguo kama za kwenda mwezini, na nyuma yake mlima wenye theluji.

"Mama Recho," Tunu alisema taratibu. "Hapa ni Busunzu sehemu gani?"

Recho akainama kutazama, akacheka mpaka akashika benchi. "Oya, oya! Hiyo Raymond aliichukua hukohuko mtandaoni. Alisema mizinga yetu haipendezi, ni magogo."

Nurudini pia alicheka. Tunu akateremsha, na kicheko kikamwishia. Chini ya picha paliandikwa kwa herufi nyekundu: *Asali yetu inatibu vidonda vya tumbo, presha na KISUKARI. Acha vidonge, tumia asili.*

Akayasoma kwa sauti.

Recho aliacha kucheka. "Soma tena."

Tunu akasoma tena.

"Mimi sijaandika hivyo." Uso wake ulikuwa umebadilika. "Simu yangu ni ndogo, huwa naona picha na namba yangu tu. Sijaandika hivyo, Mwalimu."

Akatoa simu, akampigia mwanawe, akaiweka sauti ya nje juu ya kaunta katikati ya kalamu.

"Raymond. Niko Kasulu kwa Mwalimu. Hapo kwenye ukurasa umeandika asali inatibu kisukari?"

"Ee, mama, hayo ni mambo ya biashara. Wote wanaandika hivyo. Wateja wanapenda."

"Baba yako alikuwa na nini?"

Nje dereva wa bodaboda alikuwa akibishana na abiria wake.

"Baba yako alikuwa na nini, Raymond?"

"Kisukari, mama."

"Na mimi nilikuwa na ndoo ngapi za asali ndani ya nyumba? Ilimtibu?"

"Hapana, mama."

"Kuna mtu mahali ameacha vidonge vyake kwa sababu ya jina langu. Toa. Toa sasa hivi, mimi nasubiri hapa." Akakaa, mikono mapajani. Alilivuta lile koti la kiume karibu na kifua, na ndipo Tunu alipoelewa lilikuwa la nani.

Baada ya dakika kumi Nurudini aliufungua ukurasa upya. Maneno mekundu hayakuwapo. Recho alihakikisha kwa kuugusa kioo na kidole. Kisha akamgeukia Tunu.

"Sasa nimejua nilikosa nini," alisema. "Ulifanya vizuri kufunga."

"Sikufunga kwa sababu hiyo. Sikuwa hata nimeangalia."

"Basi tulikosa wote wawili. Hilo pilau uliloandika Machi, ndilo unapika leo au kitu kingine?"

Shule zilipofungwa mwezi wa Juni, Tunu alipanda basi kwenda Busunzu na kamera ya kukodi ya Nurudini begani. Recho alimpeleka porini, mwendo wa saa mbili kwa miguu, mahali miombo ilipokuwa imesimama mbalimbali na jua likipita katikati. Mizinga ilikuwa magogo yaliyochongwa ndani yakawa matupu, yametundikwa juu ya matawi. Recho alifunga kitenge juu ya suruali, akapanda mti kama mtu anayepanda ngazi za kwake, huku akimweleza Tunu kutoka juu mambo ya malkia na madume.

"Usipunge mkono!" alipiga kelele.

Tunu alikuwa amekwisha kupunga. Nyuki mmoja alimpata kwenye mdomo wa juu. Picha bora ya siku ile ilipigwa na Recho, na inamwonyesha mwalimu wa sayansi kimu akiwa na mdomo kama wa bata, ameshika sega la asali, anacheka kwa upande mmoja.

Picha hiyo ndiyo aliyoiweka juu ya makala. Aliandika aliyoyaona: magogo, miti, moshi, mama anayepanda mwenyewe. Aliandika pia kwamba asali ni chakula kitamu na si dawa ya kisukari, na kwamba mwenye vidonge asiviache. Ndani ya makala, katika maneno yake mwenyewe, aliweka linki ya Asali ya Busunzu, ambayo sasa ilikuwa na picha za magogo. Na mwishoni akaandika utaratibu mpya. Linki zote za kwenye maoni zitakuwa na alama. Kila Jumapili mchana yeye mwenyewe atasoma, atafungua kurasa za watu, na yule ambaye amesema jambo na ukurasa wake ni wa kweli atamwondolea alama. "Nikikosea niambieni," aliandika. "Nikimfungulia mtu akageuka, nitamfunga, na nitasema hapa kwamba nilikosea."

Nurudini alisoma akatikisa kichwa. "Utachoka, Madam."

"Nikichoka nitafunga zote."

"Za ukurasa wa duka langu mimi nafunga kuanzia sasa. Sitaki hadithi."

"Na hukosei," Tunu alimwambia, na alimaanisha.

Recho hakurudi kuwa wa kwanza. Alirudi wa nne, chini ya kampuni tatu zenye matangazo makubwa, na simu zikaanza kuita tena, si kwa wingi wa zamani. Wengine walipiga kuulizia kama kweli haitibu kisukari, na alipowaambia haitibu wakakata. Alimweleza Tunu hayo bila kinyongo. Alikuwa ameanza kuwaambia wanaonunua kwamba waende hospitali wakapime sukari, na mmoja alikwenda, akamtumia ujumbe wa kumshukuru.

Jumapili ya pili ya utaratibu mpya, malalamiko yaliyotabiriwa yalifika. Yaliandikwa na Omary, fundi pikipiki wa Dar mwenye ukurasa wa vipuri.

"Nimekusoma tangu siku ya kwanza," aliandika. "Sijakosa makala hata moja. Mama wa asali amefunguliwa, mimi nimebaki nje. Nimekosa nini?"

Tunu alifungua ukurasa wake. Ulikuwa safi: picha alizopiga mwenyewe, maelezo ya kutambua breki zilizokwisha, hakuna uongo. Kisha akatafuta maoni yake yote ya nyuma. Yalikuwa mengi, na yote yalisema maneno mawili: "Safi sana." Ukiyaweka pembeni mwa yale ya Dokta Kifimbo usingeweza kuyatofautisha.

Alikaa na kikombe cha chai muda mrefu kuliko alivyokusudia. Mwishowe akamwandikia: "Kaka Omary, ukurasa wako ni mzuri na nimejifunza kuhusu breki. Lakini hapa kwangu hujawahi kuniambia kitu. Kwa nini unasoma blogu ya mapishi?"

Jibu lilichukua siku tatu. Lilipokuja lilikuwa refu, halina nukta wala mkato. Omary alisema bibi yake alikuwa wa Munanila, si mbali na Kasulu, na ndiye aliyemlea mpaka darasa la tano alipochukuliwa kwenda Dar. Alisema bibi alipika maharage na ndizi mbichi kwenye chungu kimoja, akiviweka asubuhi anapokwenda shamba na kuvikuta tayari adhuhuri, na kwamba alitia jani fulani ambalo jina lake Omary amelisahau. Bibi amekwishafariki. Alikuwa akisoma kila makala akisubiri jani hilo litajwe. Hakuandika zaidi ya maneno mawili kwa sababu yeye ni fundi na Kiswahili cha kuandika kinamshinda.

Tunu alilisoma mara mbili. Hakulijua hilo jani. Aliyaondolea maoni yale alama, akayahamishia juu ya ukurasa ambapo kila mtu atayaona, na chini yake akaandika swali: "Watu wa Munanila, mmemsikia Omary. Ni jani gani?"

Kufikia jioni walikuwa wamejibu watu kumi na wanne, na wametaja majani matano.